Nimegeuza darasa la lugha, wengine wanaongea wengine wamekauka. Ni mitindo ya kujifunza au kuna kingine?

#1 Chaki_na_Simu
Wakuu habari. Nafundisha Kiingereza sekondari na kuna jambo linaninyima raha. Muhula huu nimegeuza darasa, yaani maelezo yote ya sarufi na msamiati nimerekodi video wanaangalia nyumbani, darasani tukikutana ni kuzungumza tu, maigizo, midahalo midogo, mahojiano ya wawili wawili. Lengo ni wafungue midomo, maana kwa njia ya zamani mimi ndiye nilikuwa naongea kipindi kizima wao wanaandika.

Sasa matokeo yake. Wapo waliobadilika hadi unashangaa, mtoto aliyekuwa anajibu neno moja moja leo anabishana na wenzake na hataki kukubali kushindwa. Na wapo ambao video wameangalia, daftari la maelezo limejaa vizuri kabisa, ukimwambia haya zungumza, anakauka. Nikawapa dodoso la mitindo ya kujifunza, yaani lile la kujua mtu anajifunza zaidi kwa njia gani, nikaona kama kuna mpangilio, wale waliotokea kuwa wa kusikia na wa vitendo ndio wanaochangamka, wale wa kuona na wa kusoma na kuandika ndio wanaokauka.

Dai langu ni hili: kugeuza darasa kunainua kuzungumza ila hakuinui wote sawa, kunawabeba wenye mitindo fulani na kuwaacha wengine njiani. Nani ameliona hili kwake?

#2 Kibwagizo
Nakaa hapa hapa, swali langu la siku nyingi hili. Shusheni nondo.

#3 Kabati_la_Vitabu
Mkuu #1 hoja yako ina ukoo mrefu. Wengi wakisikia kugeuza darasa wanawataja Bergmann na Sams, wale walimu wa kemia wa Woodland Park, Colorado, walioanza kurekodi masomo 2007 sababu wanafunzi walikuwa wanakosa vipindi kwa ajili ya michezo na shughuli nyingine. Lakini mwaka 2000 kuna wachumi watatu wa Miami University, ile ya Ohio siyo ya Florida, Lage, Platt na Treglia, walishaandika kuhusu kugeuza darasa la uchumi, na sababu yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kwako: mwalimu anafundisha kwa namna moja, wanafunzi wanajifunza kwa namna nyingi. Wakawapa kanda za video, slaidi zenye sauti, kitabu, kila mtu achague kinachomfaa, halafu darasani ni kazi na majadiliano. Kwa hiyo hivi vitu viwili vimefunga ndoa zamani sana.

#4 MtuWaTakwimu
Ndoa kuwa ya zamani hakuifanyi kuwa halali 😀

Kabati hapo juu kaleta historia nzuri ila haijibu swali. Mwaka 2008 wanasaikolojia Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork walipitia ushahidi wa mitindo ya kujifunza na wakaweka sharti moja gumu. Ukitaka kusema mtindo una maana katika ufundishaji, gawa wanafunzi kwa mitindo yao, halafu ndani ya kila kundi wagawe tena kwa bahati nasibu kwenye njia mbili za kufundisha, wote wapewe mtihani ule ule, na matokeo yapishane, njia inayomfaa wa kusikia isiwe ndiyo ile ile inayomfaa wa kuona. Walipotafuta tafiti zenye muundo huo wakakuta ni chache mno, na kati ya hizo chache zipo zilizopinga moja kwa moja.

Wewe mkuu una njia moja tu, darasa lililogeuzwa, na dodoso. Hao wa kusikia huenda walikuwa waongeaji tangu hapo. Uliwapima kuzungumza kabla hujaanza?

#5 Chaki_na_Simu
Niliwapima mkuu, mazungumzo mafupi kila mmoja na mimi, alama za mtiririko, usahihi, msamiati na matamshi. Ni kweli wa kusikia walianza juu kidogo. Ila pengo limepanuka, halikubaki pale pale, na hapo ndipo ninaposhindwa kuamini kwamba ni uongeaji wao wa asili tu. Halafu wa kuona nilitegemea video ziwasaidie wao kuliko wote, mbona hazijawasaidia?

#6 BintiSarufi
Samahani nirekebishe hapo kwa wa kuona. Kama dodoso ulilotumia ni VARK, lile la Neil Fleming wa New Zealand, basi kuona kwa maana yake siyo kuangalia video. Yeye anamaanisha michoro, chati, ramani, mishale ya kuonyesha kitu kinatoka wapi kinaenda wapi. Video ya mtu anayeongea mbele ya kamera inamfaidi zaidi wa kusikia. Kwa hiyo video zako kama ni sura yako na sauti yako tu, hao wa kuona hujawapa chao bado.

Na jingine, dodoso lile linapima mtu anapenda kupokea na kutoa taarifa kwa njia gani. Kupenda na kuweza ni vitu viwili. Halafu wengi wakijaza wanatokea na mitindo mchanganyiko, uliwaweka kundi gani hao?

#7 Chaki_na_Simu
Asante dada. Wenye mchanganyiko niliwaweka kwenye ule mtindo wenye alama nyingi zaidi. Na kweli video ni mimi na ubao.

#8 MtuWaTakwimu
Basi makundi yako yenyewe yana mashaka kabla hata hatujafika kwenye kuzungumza.

#9 DogoWaNyuma
Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, nimepita kwenye darasa la namna hiyo, naomba niseme upande wetu. Kuna watu wanaangalia video wakiwa wamelala, kuna wanaoikimbiza kwa spidi mbili, kuna wanaochukua maelezo ya mwenzake wanakopi ili daftari lijae. Daftari kujaa siyo kuangalia. Mimi video nilikuwa naangalia na nasimamisha narudia kusema kwa sauti yale anayosema mwalimu, nilikuwa najifungia chumbani mana ukisikika unaongea peke yako watu wanakushangaa. Darasani yale maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Rafiki yangu ana akili kuliko mimi, anaangalia kimya anaandika kila kitu, akifika darasani anatafuta neno kwenye daftari huku mwenzake anamsubiri. Sidhani kama ni mtindo, ni alichokifanya na ile video.

#10 Kibwagizo
Marahaba. Dogo wa nyuma kakaa mbele leo 👏

#11 MwlNgeli
Huyu kijana kagusa kitu kikubwa na nataka nikae hapo kidogo.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni. Mwanafunzi wangu anaangalia video ya ngeli, anaielewa, ukimpa zoezi la kuandika anapata zote, kitabu changu kimepotea, vitabu vyangu vimepotea, barua yangu imepotea, hakosei. Mwambie sasa akusimulie alivyopoteza begi lake. Anasema begi, anasimama, anapiga hesabu kichwani, wangu, yangu, langu, na alipolipata langu ameshasahau alikuwa anasimulia nini. Maarifa anayo yote. Ambacho hana ni kasi ya kuyatoa.

Willem Levelt, mwanasaikolojia wa lugha, mwaka 1989 aliueleza mchakato wa kusema kwa hatua: unaunda wazo, unalivika maneno na sarufi, unalitamka, na huku unajisikiliza ujue umekosea wapi. Kwenye lugha yako hizo hatua zinaenda kwa pamoja bila wewe kujua. Kwenye lugha ngeni ile hatua ya kuvika maneno inakula akili yote. Anayeandika ana muda wa kufuta na kurudi nyuma, anayesema hana. Sasa mwanafunzi ambaye miaka yote amejifunza lugha kwa kuandika, ukimpa dodoso atajibu napenda kusoma na kuandika, kwa sababu huko ndiko anakojiona anaweza. Kwa hiyo mkuu #1 huenda mtindo uliouona ni matokeo ya alivyofundishwa huko nyuma, halafu wewe unauchukua kama ndiyo sababu.

#12 Chaki_na_Simu
Hapa umenigusa mwalimu. Ila mbona wote wamefundishwa na walimu wale wale miaka yote, kwa kuandika, na bado wapo waliotokea wa kusikia?

#13 MwlNgeli
Shuleni ndiyo wamefundishwa sawa. Nje ya shule wanasikiliza sawa? Wapo wanaokesha na filamu na miziki ya lugha hiyo na wapo wasioigusa hadi kipindi kijacho.

#14 Mama_Midahalo
Mnazungumzia akili tu na mtoto ana moyo pia. Miaka yangu yote ya kufundisha nimeona kitu kimoja kinafunga midomo kuliko vyote, hofu ya kuchekwa. Horwitz na wenzake mwaka 1986 walitengeneza kipimo cha hofu ya lugha ya kigeni, maswali 33, na waliihusisha na mambo matatu, hofu ya kuwasiliana, hofu ya mtihani na hofu ya kuhukumiwa vibaya na watu. Angalieni sasa darasa lililogeuzwa limefanya nini. Zamani mtoto mwoga alikuwa na pa kujificha, mwalimu anaongea, yeye anaandika, kipindi kinaisha salama. Umegeuza, ule ukuta aliojificha nyuma yake umeuvunja, kila siku ni kusimama na kusema. Kwa mwenye ujasiri ni sikukuu, kwa mwoga kila kipindi ni mtihani. Na mwoga ndiye anayekimbilia daftari, lazima dodoso limwite wa kusoma na kuandika.

Chaki, wewe ukiwaweka waongee, unafanya nini mtu akikosea? Unamkatiza?

#15 Chaki_na_Simu
Nasahihisha pale pale ili kosa lisizoeleke.

#16 Mama_Midahalo
Mbele ya wenzake?

#17 Mzee_wa_Hoja
Mama punguza moto, usije ukamfanya Chaki naye akauke 😂

Mimi naleta hesabu nyepesi. Darasa la watu 40, kipindi cha dakika 40. Ukimwita mmoja mmoja hata wewe usiposema neno kila mtu anapata dakika 1. Ukiwaweka wawili wawili wakapokezana sawa kila mtu anapata dakika 20. Faida yote ya kugeuza darasa kwa kuzungumza naiona iko hapo, video imekununulia dakika, basi, haina uchawi mwingine. Sasa swali, hizo dakika zinagawanywaje? Weka kundi la watu sita uone, wawili wanaongea, mmoja anaitikia, mmoja anaandika kwa niaba ya kundi, na waliobaki wanaangalia. Nakupa bure, anayeandika kwa niaba ya kundi ni yule yule wa kusoma na kuandika, kila siku. Na wa kusikia wanapata dakika zake. Baada ya muhula pengo linapanuka kama ulivyosema na mtindo haujahusika hata kidogo, ni dakika tu.

Na hili la wanafunzi kusoma nyumbani wajadiliane darasani wala siyo la 2007 wala 2000, Eric Mazur wa fizikia kule Harvard alilianza 1997.

#18 Kabati_la_Vitabu
#17 hesabu yako naikubali, mwaka siukubali. 1997 ndiyo kitabu chake kilitoka, darasani alianza mwanzoni mwa miaka ya 90. Na yeye ana kitu ambacho kinaweza kumfaa Chaki, kabla watu hawajajadiliana kila mtu analazimika kuchagua jibu lake peke yake kwanza, ndipo anamgeukia jirani amshawishi. Mkimya anakuja kwenye mazungumzo akiwa ameshashika msimamo mkononi.

#19 BintiSarufi
Naongezea kwenye #17 kuhusu makundi. Joy Reid mwaka 1987 aliwauliza wanafunzi wa Kiingereza wa mataifa mbalimbali waliokuwa Marekani wanapenda kujifunza vipi, na kwenye dodoso lake aliweka kusikia, kuona, vitendo, kugusa, kisha akaongeza kujifunza kwa kundi na kujifunza peke yako. Wengi walipenda vitendo. Kundi ndilo lililokataliwa zaidi. Darasa la kugeuza kwa jinsi wengi tunavyoliendesha ni kundi mwanzo mwisho, kwa hiyo kama mtindo una kazi yoyote hapa, mimi ningeangalia huo wa kundi na upweke kabla ya macho na masikio.

#20 MtuWaTakwimu
Binti hilo ni la kupenda tena, umetoka kusema mwenyewe #6 kupenda siyo kuweza 😀

#21 BintiSarufi
Nimesema ndiyo, na hapa naongelea kushiriki. Asiyependa kundi hatafungua mdomo ndani ya kundi, na asiyefungua mdomo hapati mazoezi, na asiyepata mazoezi hawezi. Kupenda kunaingilia huko.

#22 MtuWaTakwimu
Hapo sawa. Ila tuseme basi ni njia ya mazoezi, siyo kwamba ubongo wake umeumbwa tofauti.

#23 Bando_Limeisha
Wadau hakuna aliyeuliza video zina urefu gani? Mwalimu wangu mmoja alikuwa anatuma video ya karibu saa nzima, simu inajaa, bando linakata katikati, nyumbani simu moja watu watano. Hao mnaowaita wamekauka hebu waulizwe kwanza kama wameiona hadi mwisho.

#24 Kabati_la_Vitabu
Kweli kabisa. Guo, Kim na Rubin mwaka 2014 waliangalia mamilioni ya mara ambazo watu walitazama video za kozi za edX, na watazamaji walikuwa wanashikika hadi kama dakika 6 hivi, baada ya hapo wanaondoka. Hizo zilikuwa kozi za wazi za mtandaoni siyo darasa la lugha, ila saa nzima hapana jamani.

#25 Chaki_na_Simu
Zangu ni kati ya dakika 8 na 15. Na wasio na simu nawapa maelezo yale yale kwenye karatasi.

#26 MwlNgeli
Subiri hapo. Wenye karatasi hawajasikia matamshi wala lafudhi wala mtu anapumua wapi kwenye sentensi. Wanakuja kuzungumza na lugha waliyoiona kwa macho tu. Kati ya waliokauka wa karatasi ni wangapi?

#27 Chaki_na_Simu
Nitaangalia kwenye orodha. Kwa haraka naona wapo kadhaa, ila pia kuna wenye video waliokauka na kuna mmoja wa karatasi anayeongea sana.

#28 Kibwagizo
Kila sababu ikija inakutana na mtu mmoja wa kuiharibu. Uzi mtamu.

#29 Mama_Midahalo
Mimi sijajibiwa bado. Lakini niache hilo, niulize jingine, ukiuliza swali unasubiri muda gani? Mary Budd Rowe miaka ya 70 alisikiliza walimu madarasani akakuta wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kujibu wenyewe au kumpa mwingine. Waliposubiri sekunde 3 na zaidi majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Na hiyo ilikuwa sayansi kwa lugha wanayoijua! Kwa lugha ngeni sekunde 1 ni kumnyima mtu kabisa.

#30 DogoWaNyuma
Hii ni kweli mama. Na wenzetu pia hawasubiri, mtu wa pembeni anakumalizia sentensi. Nilikuwa napenda mwalimu akisema kaeni kimya mjipange kwanza.

#31 MwlNgeli
Na kujipanga kuna ushahidi wake dogo. Foster na Skehan 1996 waliwapa wanafunzi dakika 10 za kujiandaa kabla ya kusema, mtiririko ukaongezeka na sentensi zikawa pana zaidi, kwenye usahihi ndiyo mambo hayakunyooka hivyo, ilitegemea na kazi yenyewe na maelekezo waliyopewa. Sasa kwa nadharia video ya nyumbani ingekuwa ndiyo maandalizi yenyewe. Kwa vitendo Chaki video yako inaandaa sarufi, haiandai kile mtu atakachosema kesho. Mwishoni mwa video weka swali la mazungumzo ya darasani, na sharti kwamba ajirekodi kwa sauti kabla ya kuja, hata mara moja. Sauti hiyo asimtumie mtu yeyote kama hataki.

Na darasani jaribu ile ya 4/3/2 anayoieleza Paul Nation, mtu anasimulia jambo lile lile kwa dakika 4 kwa mwenzake wa kwanza, dakika 3 kwa wa pili, dakika 2 kwa wa tatu. Msikilizaji ni mpya kila mara kwa hiyo hachoki, msemaji ni yule yule kwa hiyo maneno yanazidi kulainika. Wakimya wangu wanaipenda kwa sababu ile ya tatu wanajisikia wakitiririka.

#32 Mzee_wa_Hoja
Na hakuna pa kuandika kwa niaba ya kundi. Safi.

#33 MtuWaTakwimu
Naona sasa maelezo yamefika sita au saba na yote yanaeleza data ile ile, dodoso, mazoea ya kuandika, hofu, dakika, kundi, karatasi, kusubiriwa. Chaki, mimi bado naona kuna la nane na hulipendi. Ulivyopima. Mwanzo uliwapima mmoja mmoja na wewe. Mwisho?

#34 Chaki_na_Simu
Mwisho niliwapima wawili wawili wakijadiliana, sababu ndicho tulichokuwa tunafanya darasani.

#35 MtuWaTakwimu
Basi umepima vitu viwili tofauti. Kujibu maswali ya mwalimu na kugombania nafasi ya kusema na mwenzako havifanani. Mchangamfu anafaidi kipimo cha pili hata kama lugha yake haijaongezeka, na mkimya akipangwa na mchangamfu ndiyo kwisha habari. Ulipanga vipi hao wawili wawili?

#36 Chaki_na_Simu
Kwa kukaa kwao.

#37 DogoWaNyuma
Mwalimu, mbele wanakaa waongeaji, nyuma wanakaa wakimya. Hapo mkimya kapangwa na mkimya mwenzake, wanasubiriana.

#38 Mama_Midahalo
Dogo anajua darasa kuliko sisi.

#39 Chaki_na_Simu
Wakuu nashukuru, nimeandika kila kitu. Muhula ujao nagawa darasa langu na lile la jirani tunalofundisha pamoja, wote video fupi zenye swali la mazungumzo mwisho, darasa moja nabadilisha wenza kila mara kwa 4/3/2, jingine linabaki na makundi. Makosa nayaandika nayarudisha mwishoni bila majina, Mama nimekusikia. Dodoso nalitoa tena ila mara hii baada ya kupima, siyo kabla. Ila bado nina imani mitindo ina neno, nimewaona kwa macho yangu.

Nilichokwama ni kimoja, kwenye kupima wawili wawili, mmoja akimfunika mwenzake namkata alama nani?

#40 BintiSarufi
Usimkate yeyote kwa hilo, wapime mara mbili na wenza tofauti uchukue zote. Na kwenye alama ongeza kipengele cha kumvuta mwenzako aongee, kuuliza swali, kuunganisha na alichosema. Ukikiweka hicho utashangaa waongeaji wako wangapi wanashuka.

#41 MtuWaTakwimu
Kipengele hicho kiwepo mwanzo na mwisho basi, usikiongeze mwisho tu. Na anayesahihisha asiwe wewe, mpe wa darasa la jirani sauti bila majina.

#42 Mzee_wa_Hoja
Sauti za mwanafunzi mwalimu yeyote anazijua hata bila jina mkuu, wabadilishane na wa shule nyingine kabisa.

#43 MwlNgeli
Nitumie mimi Chaki, nakuja PM.